Mji Uliokataa Siku ya Tatu

Jamhuri ya Karibuni haimo kwenye ramani yoyote. Si kwamba ni ndogo. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wakae kwenye benchi wamsubiri afisa anayehusika, wakapewa chai ya tangawizi, na inasemekana wengine wameoa na kuzaa hapohapo kwenye benchi.

Ni nchi ya ukarimu uliopita kiasi. Ukarimu huo umeandikwa kwenye noti, kwenye milango ya magari ya polisi, na juu ya lango la gereza kuu. Kwingineko watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakacheka, mambo yakaishia hapo. Wakaribuni hawana mzaha na methali. Hiyo waliiingiza kwenye Katiba, Ibara ya Tisa: mgeni atalishwa kuku siku ya kwanza, atalishwa kuku siku ya pili, na siku ya tatu atapewa jembe na mwenyeji; akishalishika naye ni mwenyeji, ana haki ya kulima, kuoa, kugombea udiwani na kuzikwa. Wazee walioitunga ibara hiyo walikuwa na ardhi nyingi na watu wachache. Hawakufikiria kwamba ipo siku wajukuu wao wangejifunza kusoma.

Katika mji mdogo wa Shibumba, pale lami inapoishia na ahadi za lami zinapoanzia, aliishi mjane mmoja akiitwa Bi. Nyanjige. Alikuwa na genge la nyanya na dagaa, na sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa bonde. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Masunga, na mtoto huyo hakuwepo. Masunga aliwahi kusimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza mashine za kinu cha pamba cha Shibumba zilikwenda wapi. Hakujibiwa. Badala yake polisi wawili wenye adabu zao walimtembelea nyumbani, wakanywa maji, wakamshauri apende nchi nyingine. Akaenda kuipenda Theluji, nchi ya mbali ambako jua, kwa maelezo yake, huja kazini limechelewa na kuondoka mapema.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu, na Bi. Nyanjige aliishi kwa ajili ya Jumapili. Chumba cha Masunga alikifagia kila asubuhi. Neti aliishusha kila magharibi, kana kwamba mbu wa Shibumba wangeweza kumuuma mtu aliye Theluji. Alitaka jambo moja tu hapa duniani: mwanawe arudi, amwone, amshike. Mengine yote kwake yalikuwa nyanya.

Basi ng'ambo ya mlima, katika nchi jirani, majenerali wawili waligombea kiti kimoja. Wakakivunja, kisha wakaanza kuwapiga risasi watu waliowaona wakikivunja. Watu wakakimbia, wakavuka mlima na watoto mgongoni. Serikali ya Karibuni ilisimama mbele ya kamera ikasema, "Karibuni." Kamera zilipozimwa ikaanza kutafuta mji ulio mbali na watu wenye maana. Wizara ya Ukarimu, Mipaka na Mambo Yasiyotarajiwa ikaiona Shibumba, na ndani ya Shibumba ikakiona kinu cha pamba.

Kinu kile kilikuwa makao ya popo na mbuzi wa diwani. Wanashibumba walizoea kupita hapo wakiziba pua. Lakini tangazo lilipobandikwa, mji mzima uligundua kwamba kinu ndicho roho yao. Mzee mmoja alilia hadharani, akasema hapo ndipo alipomposa mkewe. Mkewe, aliyekuwa amesimama karibu naye, akasema huyo aliyeposwa hapo si yeye.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Afisa Ukarimu wa Wilaya, Bwana Fikirini, alikuja na kaunda suti ya kijivu na hotuba aliyotumiwa na Wizara.

"Ndugu wananchi," alisoma, "Wizara imefanya upembuzi yakinifu, wa kina, shirikishi na endelevu, na imebaini kwamba ninyi ni watu wakarimu sana. Kwa sababu hiyo haikuona haja ya kuwauliza."

Uwanja ukalipuka.

"Kisima ni kimoja! Watatumalizia maji!"

"Watatuletea maradhi!"

"Wataoa binti zetu!" alipiga kelele baba mmoja ambaye kwa miaka yote alikuwa akilalamika kwamba binti zake hawaolewi.

"Mimi nimesikia hawali mlenda," alisema kinyozi. "Mtu asiyekula mlenda atashindwa vipi kuua?"

Katibu wa kwaya, mwanamke mpole, aliomba watu watumie lugha ya upendo. "Sisi hatuwachukii," alisema. "Tunachosema ni kwamba wasije."

Ndipo Bi. Nyanjige aliposimama, akajifunga kanga kiunoni, na watu wakanyamaza kwa kuwa walijua hata wasiponyamaza watamsikia yeye tu.

"Mwanangu anataabika nchi za watu kwa kukosa nafasi hapa kwao," alisema. "Leo mnaniletea watu wa ng'ambo washike jembe lake? Walime pale ambapo angelima yeye? Akirudi je, nimweke wapi, juu ya mti?"

"Mama, ni Katiba," alisema Bwana Fikirini. "Siku ya tatu lazima wapewe."

"Siku ya tatu. Na nani anahesabu?"

Bwana Fikirini alipekua hotuba yake, mbele na nyuma.

"Mwenye nyumba ndiye ajuaye mgeni wake amekaa siku ngapi," aliendelea Bi. Nyanjige. "Sisi ndio wenye nyumba. Wakija, leo tutaita siku ya kwanza. Kesho siku ya pili. Keshokutwa siku ya pili. Na mtondo wake siku ya pili. Mpaka wachoke wenyewe waondoke. Hapo tumevunja Katiba gani?"

Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wa diwani wakatoka kinuni kuangalia. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Kulinda Ukarimu, na Bi. Nyanjige akawa mwenyekiti wake bila kupingwa. Kamati ilipitisha kwamba mtu yeyote asionekane na jembe karibu na kinu, asije mgeni akaligusa kwa bahati mbaya akawa ndugu yetu.

Wageni walifika wakiwa wamejaa vumbi, wengine bila viatu. Shibumba iliwapokea kwa ngoma, kama ilivyo desturi, huku wapiga ngoma wamenuna. Waliletewa kuku wa kienyeji na ugali wa mtama. Kesho yake wakaletewa tena, na maji ya moto ya kuoga. Asubuhi iliyofuata waliamka mapema, wakanawa, wakajipanga mbele ya kinu wakingoja majembe, kwa sababu hata ng'ambo ya mlima Ibara ya Tisa ilikuwa inajulikana. Nkwabi, mpiga mbiu wa mji, akaja na pembe lake la tandala, akalipuliza.

"Enyi wageni! Leo ni siku ya pili!"

Walitazamana. Mmoja alisema labda mpiga mbiu amekosea. Mbiu ile ikarudi kesho yake, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Mjini ilikuwa Ijumaa, ikawa Jumamosi, shule zikafunga, zikafungua. Kinuni ilikuwa siku ya pili.

Bwana Fikirini aliandikia Wizara kuuliza kama jambo hili ni halali. Wizara ilijibu kwamba suala la leo ni siku gani limegatuliwa, na linashughulikiwa katika ngazi ya kata.

Kasoro ikawa moja. Siku ya pili, kwa mujibu wa Katiba, mgeni hulishwa kuku.

Mwanzoni watu walitoa kuku kwa moyo mmoja, wakijua wageni wataondoka upesi. Kisha majogoo wakaanza kuadimika, na mji ukachelewa kuamka. Kisha mitetea. Ikafika watoto wa Shibumba wanakula ugali kwa chumvi huku mama zao wakipita na sahani zimefunikwa kawa kwenda kinuni. Chuki ikapanda ikawa kama moto wa makumbi. Sahani hazikukabidhiwa tena, zilitupwa mkekani mchuzi ukaruka. "Kula, mgeni!" lilikuwa neno la heshima, sasa lilisemwa kwa namna ya kumtukania mtu mama yake. Wavulana waliimba nyimbo chafu nje ya ukuta. Mtu mmoja alirusha jiwe, likampata mtoto kwenye paji la uso, na Kamati ikatoa tamko la kulaani vikali tabia ya watoto wa wageni kukaa mahali ambapo mawe hupita.

"Wavivu wakubwa hawa," alisema kinyozi. "Kutwa kukaa. Hujaona hata mmoja ameshika kazi."

"Jembe hawajui hata linashikwa upande gani," alikubali katibu wa kwaya.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mwanamke mmoja wa kinuni, Domitila, alimfuata Bi. Nyanjige gengeni. Alikuwa mkulima wa viazi huko kwao, na mume wake alikuwa mmoja wa wale walioona kiti kikivunjwa. Mwanawe ndiye aliyepigwa jiwe.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Na mimi si mama yako."

"Tupeni jembe. Hata moja, hata bovu. Nitakulimia wewe kwanza, bure. Ardhi imelowa na sisi tumekaa, mikono inatuwasha."

"Mgeni halimi. Ni mwiko kwetu kumtumikisha mgeni. Rudi ukale."

"Mama, watu wanatutemea mate kwa sababu ya hao kuku. Hatuwataki."

"Ah! Kuku wetu leo hawana maana!" Bi. Nyanjige aliwageukia wateja. "Mmesikia? Tunawalisha tunachokosa wenyewe, na bado wanachagua!"

Wateja walizomea. Domitila aliondoka katikati ya zile kelele, na nyanya moja iliyooza ikamfuata mgongoni. Bi. Nyanjige hakuirusha yeye. Aliuza tu.

Jumapili hiyo Masunga alipiga simu.

"Wametuhamisha, mama. Wametuweka katika kimji kidogo, mashambani kabisa, kwenye nyumba ya wageni ya zamani. Watu wa hapa wanakuja mlangoni na mabango. Juzi wamevunja dirisha."

"Wamevunja dirisha! Kwani mmewafanya nini?"

"Hatujawafanya kitu. Wanasema hatufanyi kazi. Na sheria yao inatukataza kufanya kazi."

Bi. Nyanjige alihema kwa hasira hadi simu ikashika ukungu. "Ni watu gani hao? Hawana wazazi? Hawana watoto walio mbali? Mungu atawalipa, mwanangu, wewe kaa hapo utaona. Mtu amekimbilia kwako, unamtesa!"

"Usilie, mama. Bunge lao linajadili sheria mpya. Wakiipitisha turuhusiwe kufanya kazi, napata karatasi. Nikipata karatasi nakuja kukuona. Kabla ya mavuno nitakuwa hapo."

Kwa furaha Bi. Nyanjige hakupata usingizi. Alfajiri alifagia chumba mara mbili, kisha akaenda kwenye kikao cha Kamati, ambako alipendekeza wageni wakatazwe pia kushika fagio, kwa kuwa ukilitazama kwa pembeni mpini wake unafanana na wa jembe. Ikapita.

Sifa za Shibumba zilivuka mipaka. Ulikuja ujumbe kutoka Theluji, watu warefu wenye kofia pana na daftari, kwa sababu Theluji ilikuwa imetumia waya wa miiba, mbwa na mahakama, na bado wageni walikuwa wanaisumbua. Waziri aliwaleta mwenyewe, na msafara wa magari ulioziba mji kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Waheshimiwa wageni wetu," alisema Waziri, akifuta jasho, "ninyi mna teknolojia, sisi tuna hekima. Tazameni! Hakuna waya. Hakuna risasi. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyepokelewa! Mgeni wetu anaheshimiwa kiasi kwamba haruhusiwi kuacha kuwa mgeni! Hii, ndugu zangu, ni falsafa. Na falsafa hii ina mama yake, na mama yake ni huyu hapa!"

Bi. Nyanjige alivishwa nishani, na mkuu wa ujumbe, mama mmoja mwenye macho ya upole, alimshika mikono yote miwili.

"Muulize atuambie siri ni nini," alimwambia mkalimani.

"Siri ni kuwapenda," alisema Bi. Nyanjige, "lakini usiwaache wakazoea."

Mama yule aliandika hayo na machozi yakamlengalenga. Alisema Bunge lao lilikuwa karibu kupitisha sheria ya kijinga sana, na sasa ameona njia. Mkalimani alilitafsiri hilo kwa ufasaha kabisa, lakini wakati huo Bi. Nyanjige alikuwa anaangalia nishani kama imekaa sawa.

Serikali haikuacha jambo jema lipotee. Iliunda Idara ya Siku ya Pili, ikaipa jengo, magari na viyoyozi, na Bwana Fikirini akawa Mkurugenzi wake, na suti ikawa ya bluu. Nkwabi akaajiriwa rasmi akanunuliwa kipaza sauti. Kuku wakaanza kuletwa kwa lori kutoka makao makuu, wakipungua kila kituo, na mwenye zabuni alikuwa shemeji wa Waziri. Mji ambao zamani ulikuwa na mbuzi wa diwani tu ukawa na watu wengi ambao chakula chao kilitegemea siku ya tatu isifike.

Mavuno yalikaribia. Simu ya Masunga ikaja, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, ile sheria ya kazi wameitupa. Wamepitisha nyingine. Sasa kila siku wanatuletea kuku, wanatuambia tumefika jana. Nimewaonyesha kalenda, wameichukua."

Bi. Nyanjige alikaa chini, palepale uani, juu ya magunzi.

"Mpaka lini?"

"Haina mpaka. Ndiyo maana yake. Wanasema wameitoa Afrika, nchi ya Karibuni, kwa mama mmoja mwenye hekima. Wanaiita Kanuni ya Nyanjige. Mama, kuna Nyanjige mwingine huko?"

"Jina hilo liko kila kijiji," alisema Bi. Nyanjige. "Wapo wengi."

Hakungoja chai. Alibeba jembe lake begani, akaenda sokoni ambako gulio lilikuwa limeanza kuchangamka, akampokonya Nkwabi kipaza sauti.

"Leo ni siku ya tatu!" alisema, na mji mzima ukasikia. "Siku ya tatu, jamani! Tena imepita zamani! Fungueni kinu, wapeni majembe!"

Soko lilisimama. Mkurugenzi Fikirini alishuka kwenye gari lake taratibu.

"Mama yangu, siku ya tatu hutangazwa na Idara."

"Mimi ndiye niliyeizuia! Naiachia!"

"Uliizuia kwa niaba ya umma. Sasa ni mali ya umma. Kuna watu wana mikopo ya nyumba juu ya siku ya pili, mama."

"Mwanangu amenasa huko! Fikirini, nakuomba, tukiiacha sisi na wao wataiacha! Mwanangu!"

Alianza kuelekea kinuni na jembe lake. Watu wakamzuia. Walikuwa ni walewale waliompigia vigelegele, na sasa uso wa kila mmoja ulikuwa umefungwa. Hasira aliyoipalilia mwenyewe kwa msimu mzima ilimtazama usoni kana kwamba haijawahi kumwona.

"Huyu ametumwa," alisema kinyozi.

"Anayewatetea wageni atakuwa nani kama si mgeni?" aliuliza katibu wa kwaya, kwa upole.

"Kwani yeye kwao wapi?"

Hilo likawafanya wafikiri. Mwanamke mmoja mzee alikumbuka kwamba Nyanjige aliletwa Shibumba kuolewa, juu ya lori la pamba, akitokea upande wa ziwa.

"Nani alimpa jembe?" aliuliza Mkurugenzi, akitoa kalamu.

"Mume wangu!" alisema Bi. Nyanjige. "Mnamjua nyote! Mlimzika wenyewe!"

"Anaweza kuja kuthibitisha?"

"Nimesema mlimzika!"

"Basi shahidi hayupo," alisema Mkurugenzi kwa masikitiko ya kikazi. "Tusimvunjie heshima mgeni wetu. Mpokeeni."

Walimpokea jembe, kwa adabu, mmoja akishika mpini na mwingine akimfungua vidole. Walimpeleka kinuni kwa ngoma, wapiga ngoma wamenuna. Nishani walimwachia, kwa kuwa mgeni haporwi.

Ndani, watu walimtazama. Mwanamke mmoja aliinuka akaenda kukaa upande mwingine. Domitila alibaki alipokuwa, mwanawe mwenye kovu kwenye paji la uso amelala mapajani mwake. Alimwangalia Bi. Nyanjige kisha akasogea kidogo kumpa nafasi mkekani, si kwa furaha.

"Mkeka huu una kunguni," alisema, na akageuka pembeni.

Sahani ililetwa, ikatupwa, mchuzi ukaruka.

Simu ililia Jumapili asubuhi.

"Mama, hujambo? Umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Umekula nini?"

"Kuku."

"Kuku asubuhi yote hii!" Masunga alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu sheria ile ipite. "Basi mambo yako si mabaya, mama. Nilikuwa na wasiwasi na wewe. Uko nyumbani?"

Bi. Nyanjige alifungua mdomo kujibu. Nje ya ukuta, Nkwabi alikuwa anakohoa kusafisha koo, akijaribu kipaza sauti kwa kukigonga na kidole. Bi. Nyanjige aliifunika simu kwa viganja vyote viwili, akaibana kifuani, akaishikilia hapo mpaka mbiu ilipokwisha.